Mfupa au Jiwe? Kuhusu Tafsiri ya Istilahi za Sikio la Samaki

Mapema mwaka huu tulikaa siku tatu na walimu wa sayansi pamoja na maofisa wa uvuvi wa Nachingwea na Ruangwa, tukisoma nao kijitabu cha mafunzo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Kijitabu hicho chaeleza namna wataalamu wanavyotumia kitu kidogo kilichomo ndani ya kichwa cha samaki ili kujua samaki huyo alizaliwa katika maji gani, amepita wapi, na wenzake waliovuliwa pamoja naye wametoka wapi. Hatutakitaja kwa jina, wala hatutamtaja aliyekifasiri, kwa kuwa makosa yake si yake peke yake. Ni makosa ambayo sisi sote tulio katika kazi hii tumekwisha kuyafanya, na wengine wetu twayafanya hata sasa. Ila hatuwezi kuyanyamazia, maana safari hii kosa la istilahi limekwisha kuharibu kazi ya mikono ya watu.

Kwanza tutoe haki yake. Mfasiri huyu ni mtu anayejua Kiswahili. Pale anapoeleza sehemu za mwili wa samaki zinazoonekana kwa macho, maneno yake ni yale yale ya wavuvi: matamvua, magamba, mapezi, mkia. Hakuona haja ya kubuni lolote, na sentensi zake zinakwenda kama mtu anayesimulia alichokiona. Ugumu unaanza anapopasua kichwa.

Kitu kinachozungumzwa amekiita "mfupa wa sikio". Jina hilo limetokea mara nyingi katika kurasa arobaini, likifuatwa na agizo kwamba mifupa hiyo ikishatolewa "ihifadhiwe kama mifupa mingine". Mwalimu mmoja wa sekondari alifuata agizo hilo kwa uaminifu. Shuleni kwake vielelezo vya viumbe huhifadhiwa katika formalini, basi naye akaitia mifupa yake katika formalini. Baada ya majuma kadhaa aliikuta imekwajuka, kingo zimelika, na mistari aliyotaka kuwaonyesha wanafunzi wake haionekani tena. Alidhani amekosea kipimo cha dawa. Tulimweleza kwamba hakukosea kitu. Alichofanya ni kuamini neno alilopewa.

Kwa maana kitu hicho si mfupa. Mfupa umejengwa kwa fosfati ya kalisi, na una damu, na mwili huujenga na kuubomoa kila siku. Kitu kilichomo katika sikio la samaki ni kabonati ya kalisi, yaani ni ndugu wa chokaa na wa ganda la konokono, iliyogandamana juu ya utando mwembamba wa protini. Formalini isiyopunguzwa ukali wake ina asidi, na asidi huyeyusha kabonati. Ndiyo sababu wataalamu hukausha vitu hivi na kuviweka katika bahasha au kichupa kikavu, au katika spiriti. Aliyeambiwa "jiwe la aina ya chokaa" angalisita kabla ya kulitia katika asidi. Aliyeambiwa "mfupa" hakuwa na sababu ya kusita.

Lakini hasara ya formalini ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya hoja. Elimu hii yote imesimama juu ya jambo moja: kwamba kitu hiki hakibomolewi. Samaki anapozaliwa kimeanza, na kila siku huongezewa tabaka jembamba juu ya tabaka la jana, na tabaka la jana halirudishwi mwilini hata samaki akishikwa na njaa. Tabaka hilo hubeba ndani yake kiasi kidogo cha madini yaliyokuwamo katika maji ya siku ile. Kwa hiyo kiini chake kinahifadhi habari za maji aliyozaliwa samaki, na ukingo wake habari za maji aliyovuliwa. Mfupa hauwezi kutunza habari kwa namna hiyo, kwa sababu mwili huubomoa na kuujenga upya kila mara. Mwanafunzi mwerevu aliyefundishwa vizuri habari za mifupa, akisoma kijitabu hiki, atauliza: mfupa unaobadilika kila siku utakumbukaje maji ya utotoni? Atakuwa ameuliza swali la haki kabisa, na kijitabu hakina jibu, kwa kuwa neno "mfupa" limekwisha kuliziba jibu lenyewe.

Kuna na ubaya mwingine. Jina "mfupa wa sikio" lina mwenyewe. Mtoto wa shule hufundishwa kwamba katika sikio la kati la binadamu mna mifupa mitatu midogo, nayo ni nyundo, fuawe na kikuku. Hiyo ndiyo mifupa ya sikio. Na kama hilo halitoshi, yuko kambale. Kambale anayevuliwa katika madimbwi ya mito ya Mbwemkuru na Lukuledi, ambaye kila mtu wa Ruangwa na Nachingwea anamjua, ni katika jamii ya samaki wenye mifupa midogo ya kweli inayochukua sauti kutoka katika kibofu cha hewa na kuifikisha sikioni. Basi mwalimu akimpasua kambale akitafuta "mfupa wa sikio" anaweza kuupata, akafurahi, kumbe ameshika kitu kingine.

Je, tuseme nini? Wapo waliotaka "otolithi". Mmoja wa maofisa wa uvuvi aliitetea kwa nguvu, akisema kwamba hata hivyo sekondari husomwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi atakutana na neno hilo siku moja, basi na alizoee mapema. Hoja hiyo hatuidharau. Neno la mkopo lina sifa moja ambayo wafasiri wengi hawaioni: halidanganyi. Msomaji akiona "otolithi" anajua hajui, ataulizia. Akiona "mfupa wa sikio" anadhani anajua. Ingelikuwa hatuna ila hayo mawili, tungelichagua la mkopo bila kusitasita.

Wengine walipendekeza "kijiwe cha sikio". Hapo walimu wa Nachingwea walicheka, na kicheko chao kina elimu ndani yake. Kijiwe leo ni mahali vijana wanapokaa kuzungumza na kungojea kazi, na mwalimu akitamka "vijiwe vya samaki" mbele ya darasa la vijana wa miaka kumi na sita hatasikilizwa tena siku hiyo. Mfanya istilahi akaaye ofisini aghalabu hukumbuka maana ya kamusi na kusahau maana ya barabarani.

Twaona basi "jiwe la sikio" latosha, kwa wingi "mawe ya sikio". Umbo lake ni la Kiswahili kisicho na makuu. Hata mlaji wa kawaida wa kichwa cha changu amekwisha kuliuma jiwe hilo akalitema, asijue kwamba ametema kitabu cha maisha ya samaki mzima. Ipo pingamizi moja iliyoletwa na mwalimu wa afya: kwamba watu wamezoea "mawe ya figo" na "mawe ya nyongo", nao watadhani samaki huyu ni mgonjwa. Tulimjibu kwamba mwenye jiwe la figo hutamani litolewe, ilhali samaki bila mawe yake hawezi kusikia vema wala kujua yuko wima au amelala ubavu. Sentensi moja katika ukurasa wa kwanza yatosha kuiondoa shaka hiyo.

Samaki wengi wana mawe hayo jozi tatu, na hapa mfasiri wetu amekata tamaa akayaita "mfupa wa kwanza, wa pili na wa tatu". Majina ya kitaalamu ni ya Kilatini na maana zake ni nyepesi mno: mshale, kijiwe, na kinyota. Kwa nini tusiseme hivyo hivyo? Twajua kwamba "kijiwe" kimerudi kwa mlango wa nyuma baada ya kukifukuza, nasi twapendekeza "kokoto" badala yake. Mshale, kokoto, kinyota. Jambo hili si la urembo. Katika perege jiwe kubwa linalofaa kusomwa ni mshale. Katika kambale jiwe kubwa ni kokoto. Anayeagizwa kutoa "mfupa wa kwanza" kwa samaki wote wawili atarudi na perege aliyefaa na kambale asiyefaa.

Sasa tuje kwenye neno zito kuliko hayo yote, nalo ni "asili". Kijitabu chasema tangu jalada lake kwamba mawe haya huonyesha "asili ya samaki". Kwa Kiswahili asili ni nasaba na ni chimbuko, na ni pahali pia. Mtu akiulizwa asili yake yu mtu wa Nachingwea, huenda akajibu kwamba ni Mmwera, hata kama alizaliwa Dar es Salaam na hajafika Nachingwea maishani mwake. Jibu hilo ni sahihi. Lakini jiwe la sikio halijui nasaba. Linajua tu maji aliyoogelea samaki huyu mmoja tangu alipoanguliwa. Samaki wawili wa baba mmoja waliokulia katika mito miwili watakuwa na mawe tofauti, na samaki wawili wa spishi mbali kabisa waliokulia bwawa moja huenda mawe yao yakawa na alama zinazofanana sana.

Tofauti hii haiko mbali na wasomaji wetu wa Kusini. Ziwa Rutamba limo katika mkoa huu huu wa Lindi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za perege waliogunduliwa kati ya mwaka 2013 na 2016 katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa. Perege hao ni wa spishi ile iliyopewa jina la Korogwe, ambayo hapo kabla ilijulikana kaskazini mwa nchi tu. Swali la kwanza lilikuwa: je, waliletwa na watu? Uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba perege wa kusini na wale wa kaskazini walitengana yapata miaka 140,000 iliyopita, kwa hiyo hawakuletwa na mtu yeyote. Swali la pili lilikuwa la huzuni zaidi: sato, samaki wa kigeni aliyeingizwa katika maji hayo, amekwisha kuzaana nao, na machotara wamepatikana katika maziwa yote matatu.

Hilo ni swali la asili, na limejibiwa kwa chembe za urithi na kwa maumbile ya samaki. Mawe ya sikio yasingeweza kulijibu. Lakini fikiri mkulima wa Ruangwa mwenye bwawa la sato, na mvua za masika zimevunja kingo zake. Miezi minne baadaye wavuvi wanapata sato mtoni. Je, walitoroka bwawani, au wamezaliwa mtoni, maana yake wamekwisha kuota mizizi? Hapo chembe za urithi zitasema "ni sato" na kunyamaza. Jiwe la sikio ndilo litakalosema kama maji ya utoto wake yalikuwa ya bwawani au ya mtoni, mradi maji hayo mawili yawe yametofautiana. Maswali mawili, vifaa viwili, na kwa hiyo twahitaji istilahi mbili. Twapendekeza "asili" ibaki kwa nasaba, na pahali pa kuzaliwa paitwe "mazalia", neno ambalo wavuvi na maofisa wao wanalitumia siku zote. Jalada la kijitabu lingesomeka: mawe ya sikio huonyesha mazalia ya samaki. Jodari mkubwa wa Atlantiki ndiye mfano unaojulikana sana: huzaa katika Ghuba ya Meksiko na katika Bahari ya Mediterania, kisha huchanganyika baharini, na mwaka 2008 watafiti walionyesha kwa kupima aina nzito na nyepesi za oksijeni katika kiini cha jiwe kwamba yupi ametoka mazalia yapi.

Kwa sababu iyo hiyo tunamlaumu mfasiri, safari hii bila ya kumwonea huruma, kwa kuita kila perege "sato". Sato ni jina la Ziwa Viktoria, na kusini limekuja pamoja na samaki wa kufugwa. Katika kijitabu kinachofundisha kutenga mwenyeji na mgeni, kumpa mwenyeji jina la mgeni ni kulimaliza somo kabla halijaanza.

Kuhusu kundi la samaki wazaanao wao kwa wao, ambalo ndilo jambo la utafiti wenyewe, kijitabu chasema "idadi ya samaki". Sentensi moja yasema kwamba watafiti "walifuatilia chimbuko la idadi". Idadi haina chimbuko. Hapa mfasiri amechukua neno la sensa akalipeleka mtoni. Penginepo amesema "akiba ya samaki", na mara moja "hisa". Hayo tunayapita. "Kundi" pekee halitoshi, maana kundi ni samaki waendao pamoja leo, na jodari wa mazalia mawili huenda kundi moja. Sisi tulielekea "ukoo", kwa kuwa watu wa ukoo mmoja waweza kutawanyika na bado wakajulikana. Lakini walimu wa biolojia walitukumbusha kwamba wapo waandishi wanaotumia ukoo kwa ngazi ya uainishaji iliyo juu ya jenasi, na pingamizi yao ni ya kweli. Hatukuridhika, na hatuoni haya kusema hivyo. Kanuni yetu ya siku nyingi ni kutafuta katika Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda mbali. Wilaya hizi mbili zina Kimwera, Kiyao, Kimakonde na Kimakua, na hatuoni dalili yoyote kwamba aliyeandaa kijitabu aliziuliza. Nachingwea imekwisha kuona mpango mmoja mkubwa ulioletwa bila kuuliza wenyeji wala udongo, nao ni ule wa karanga, ulioanza 1947 na kuachwa 1951.

Yako na makosa ya mkono, yasiyohitaji maneno mengi. Ukingo wa jiwe umeitwa "makali", kama kwamba ni kisu. Kiini kimeitwa "kituo". Madini yanayopatikana kwa kiasi kidogo mno ndani ya jiwe, kama vile strontiamu na bariamu, yameitwa "elementi za kufuatilia", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana mbili, kufuata nyayo na kiasi kidogo mno, na mfasiri ameshika isiyohusika. Tungesema "elementi haba". Tena anasema jiwe lina "sahihi ya kikemia". Sahihi ni kitu mtu anachotia chini ya barua. Maji hayaandiki barua. Huacha alama, na "alama ya maji" ingefahamika na kila mtu.

Katika kuieleza alama hiyo, walimu wa Ruangwa walitupita sisi. Kijitabu kinaeleza kwa kurasa tatu kwa nini maji ya mto mmoja hayafanani na ya mwingine. Mwalimu mmoja alisema hapo ni pahali pa kuanzia na miamba. Kila mtu wa Ruangwa anajua madini ya kinywe, na anajua kwamba huyapati pwani. Miamba ya bara ni mingine, ya pwani ni mingine. Maji hupita juu ya miamba, hulamba kidogo, na samaki hunywa alichopewa. Tukaona pia jinsi neno "kinywe" lenyewe lilivyoenea: limo katika midomo ya wachimbaji na katika taarifa za serikali, wala hatukumsikia hata mmoja akiomba litafsiriwe.

Neno la mwisho ni "pete za mwaka". Mjerumani Reibisch alianza kuzihesabu katika mawe ya samaki wa Ulaya mwaka 1899, na huko, penye baridi na joto, pete na mwaka vilikwenda pamoja. Mwaka 1971 Pannella alionyesha kwamba ndani ya pete hizo mna mistari myembamba zaidi, ya siku moja moja. Mistari myembamba ya namna hiyo ndiyo waliyoitumia Ntiba na Jaccarini kwa tafi wa pwani ya Kenya, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1988. Katika nchi zetu pete haina ahadi na mwaka. Kusini tuna masika moja na kiangazi kirefu kimoja, na huenda samaki akaandika pete moja. Kaskazini penye vuli na masika huenda akaandika mbili. Mtafiti hana budi kuhakikisha kwanza. Ukiiita "pete ya mwaka" umekwisha kumhakikishia kabla hajatazama katika hadubini, na perege wa miaka miwili ataandikwa ana minne, na mpango wa kuvua utapangwa kwa umri huo wa uongo. Iitwe "pete ya ukuaji", na ule mwembamba "mstari wa siku" pale tu ulipothibitishwa kuwa ni wa siku.

Tumeambiwa kwamba nakala za kijitabu zimekwisha kugawiwa katika shule za wilaya zote mbili, na kwamba kuchapisha upya hakuwezekani mwaka huu. Tumewaomba walimu wabandike karatasi katika ukurasa unaoagiza kuhifadhi, yenye maneno haya: "Hili ni jiwe, si mfupa. Likaushe. Usilitie katika formalini." Mengine yaweza kungoja chapa ya pili. Hilo haliwezi, kwa kuwa kazi ya kupasua samaki imepangwa kuanza maji ya mito yatakapopungua.